Sauti ya Kuazima: Je, Mwalimu Anaweza Kufundisha Asichoweza Kutamka?

Katika Kiarabu kuna vitenzi viwili ambavyo sikio la mgeni huvisikia kama kimoja. Kimoja ni ʿalima, maana yake "alijua". Kingine ni alima, maana yake "alipata maumivu". Tofauti yao ni herufi ya mwanzo tu. Cha kwanza huanza kwa ʿayn (nitaiandika kwa alama hiyo ndogo inayoning'inia juu), sauti inayotoka katikati ya koo, mahali ambapo Waganda, Wanubi na Waswahili wengi hatupatumii kabisa tunapozungumza. Cha pili huanza kwa hamza, ambayo kila mtoto huitamka bila kufundishwa. Ukikosea, mtu uliyetaka kusema ana elimu unakuwa umesema ana uchungu.

Mimi nasomea ualimu wa Kiarabu na Kiswahili, niko mwaka wa tatu, na ʿayn hainitoki. Hunitoka siku moja moja, alfajiri, nikiwa peke yangu. Mbele ya watu inageuka hamza. Jambo hili nililificha kwa wiki nne nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari hapa Bukoto, na vilivyonisaidia kulificha ni simu yangu na spika ndogo ya duara. Katika insha hii nauliza kama nilikosea, na kama nilikosea, kosa lenyewe lilikuwa wapi hasa. Nimelifikiria swali hili kwa muda na jibu langu limebadilika mara mbili.

Darasa lilikuwa la kidato cha kwanza, wanafunzi 54. Chumba kiko upande wa barabara ya kwenda Kisaasi, na kuanzia saa nne asubuhi kelele za bodaboda huingia kana kwamba nazo zimeandikishwa shuleni. Kila kipindi nilianza kwa kuweka spika juu ya meza na kucheza sauti ya msomaji Mwarabu. Darasa liliitikia kwa pamoja. Kisha wanafunzi walikuja mbele wawili wawili, kila mmoja akaisomea simu sentensi moja, na programu ikatoa alama: kijani kama amepatia, nyekundu kama amekosea. Mimi nilizunguka kati ya madawati nikiandika majina ya waliopata kijani. Kama ungepita dirishani ungesema huyu ni mwalimu wa kisasa. Kwa kweli katika wiki hizo sikutamka ʿayn hata mara moja mbele yao. Neno lenye herufi hiyo likifika, nilibonyeza simu.

Bando nililinunua mwenyewe. Mwaka 2018 serikali yetu ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku ili tuingie kwenye mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaiacha kodi hiyo, ikaweka nyingine ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Nalisema hili ili msomaji asidhani nilikuwa nakwepa kazi. Udanganyifu wangu, kama ulikuwa udanganyifu, ulikuwa na gharama, na niliulipia kwa kula chapati kavu mchana badala ya rolex, ile chapati yetu iliyoviringishiwa mayai.

Msimamizi wangu kutoka chuoni alikuja wiki ya tatu. Ni mtaalamu wa mbinu za kufundishia, mtu mwungwana, lakini Kiarabu si somo lake. Alikaa nyuma, akatazama, na kwenye fomu akanipa alama ya juu kabisa katika kipengele cha zana na teknolojia. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Ndani ya chumba kile tulikuwa watu 56, na nilidhani hakuna hata mmoja anayeweza kunigundua.

Alikuwepo mmoja. Alikuwa msichana wa Kisomali aliyekaa safu ya pili karibu na mlango, mpole, mwenye daftari safi kuliko langu. Kisomali kina ʿayn. Tangu lugha hiyo ilipoanza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, wao huiandika kwa herufi c, hivi kwamba jina Ali kwao ni Cali. Sauti ambayo kwangu ni mlima, yeye aliipata kwa mama yake, bila programu na bila kitabu.

Wiki ya nne mvulana mmoja alikuja mbele akasoma sentensi yenye maana "Mwanafunzi alijua jibu". Akasema alima. Simu ikatoa kijani. Wenzake wakampigia makofi. Msichana yule akainua mkono.

"Ustadha, hajasema ʿalima. Amesema alima."

Nilimsikia vizuri. Sauti mbili zilitoka kinywani mwake zikiwa zimeachana kabisa, na mimi nilizitofautisha, ingawa nisingeweza kuzirudia. Nikamjibu: "Simu imekubali. Tuendelee." Akashusha mkono. Siku tatu zilizofuata hakuuinua tena, hata kwa swali ambalo darasa zima lilikuwa likilijibu.

Usiku ule nilikuwa na jibu jepesi: nimekuwa mwongo. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa huwa ametoa ahadi bila kuitamka, kwamba anachofundisha anakijua. Fundi cherehani asiyejua kupinda suruali hawezi kuichukua suruali yako, akaipeleka kwa mwenzake kwa mlango wa nyuma, kisha akakurudishia akijisifu. Suruali itakuwa imepindwa vizuri, lakini amekudanganya. Mimi nilifanya vivyo hivyo na koo la mtu mwingine.

Nilipotulia niliona jibu hilo halisimami. Kama kuazima ni uongo, basi Kiarabu tunachofundishwa kimejengwa juu ya uongo tangu zamani. Maandishi ya kale ya Kiarabu hayakuonyesha irabu fupi. Aliyezaliwa katika lugha alizijua, na mgeni alikisia. Masimulizi yanamtaja Abu al-Aswad al-Du'ali, katika karne ya 7, kuwa ndiye aliyeanza kuweka nukta za irabu, kwa sababu watu wengi walioingia katika lugha hiyo kutoka nje walikuwa wakiharibu usomaji. Karne iliyofuata al-Khalil bin Ahmad, ambaye watu wa Oman hujivunia kuwa ni wao, akaziweka badala yake alama tunazozijua leo za fataha, kasra na dhamma. Hiyo yote ilikuwa teknolojia ya kufundishia, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Al-Khalil huyo huyo alitunga kamusi akapanga herufi kufuatana na mahali zinapotoka, kuanzia kooni hadi midomoni. Akaanza na ʿayn, na kamusi ikaitwa Kitab al-ʿAyn. Kila nikikumbuka kuwa kamusi mama ya Kiarabu inafunguliwa na herufi inayonishinda, sijui nicheke au nione haya.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Misri ilimrekodi Mahmoud Khalil al-Husary akisoma Kurani nzima. Sauti yake ilienda kwa redio, kisha kwa kaseti, ikaingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kumpata mwalimu wa tajwidi. Kwetu Bombo babu alikuwa na kaseti hizo katika sanduku la chai, na mkanda ukikwama aliurudisha kwa kalamu ya risasi. Hakuna aliyesema babu ni mwongo kwa sababu aliwafundisha wanawe kwa sauti ya Mmisri.

Basi nikapata jibu la pili, kwamba sikukosea. Niliwapa wanafunzi sauti bora kuliko yangu. Ningewapa yangu mbovu kwa ajili ya fahari ya kuonekana naweza, hapo ndipo ningekuwa na hatia. Nilikaa na jibu hili wiki nzima. Nililipenda, na kule kulipenda peke yake kulinitia shaka, kwa sababu halikuwa na mahali pa kuuweka ule mkono ulioshushwa.

Kilichonitoa hapo ni somo la chuoni ambalo nilikuwa nimelisoma kwa ajili ya mtihani tu. Ibn al-Salah, mwanazuoni aliyefariki Damascus mwaka 1245, alipanga njia nane za kupokea Hadithi. Ya kwanza ni kumsikia sheikh mwenyewe akisoma. Ya pili ni wewe kumsomea sheikh, naye akasikiliza. Zinaendelea kushuka hadi ya mwisho, ambayo ni kuokota maandishi ya mtu ambaye hukuyapokea kwake. Kuhusu zile mbili za juu wanazuoni walibishana ipi ni bora. Waliopendelea kumsomea sheikh walikuwa na hoja ya watu waliokaa darasani: sheikh akikosea anaposoma, mwanafunzi hatamsahihisha, ama kwa kutojua au kwa haya; lakini mwanafunzi akikosea anaposoma, sheikh atamsahihisha. Kwa hiyo elimu iko salama zaidi pale anayejua anapokuwa ndiye anayesikiliza.

Hoja hii iligeuza swali langu. Nilikuwa nikiuliza nani anayetoa sauti darasani. Wao walikuwa wakiuliza nani anayeipokea. Spika yangu inatoa sauti nzuri ajabu, lakini haisikii. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedrus, Sokrate analalamikia maandishi kwa sababu kama hiyo, kwamba ukiyauliza swali yanarudia yale yale. Rekodi nayo ni hivyo. Inaweza kurudia ʿalima mara elfu bila kujua kama kuna aliyeipata.

Hapo msomaji anayefuatilia mambo haya ataniambia: lakini programu ilisikia. Ilionekana kusikia. Programu nyingi za kutambua sauti zimeundwa ili zikuelewe, si ili zikukosoe, na hizo ni kazi mbili tofauti. Mtu anapoongea na simu yake anataka simu ielewe hata kama ana mafua au anatafuna. Kwa hiyo programu ikipata sauti yenye walakini huangalia maneno ya jirani na kuchagua neno linaloelekea zaidi kuwa ndilo. Katika sentensi ile kulikuwa na "mwanafunzi" na kulikuwa na "jibu". Neno lipi litakaa hapo, "alijua" au "alipata maumivu"? Hata wewe msomaji ungekisia sawasawa. Ile kijani haikuwa na maana ya "umetamka vizuri". Ilikuwa na maana ya "nimekuelewa". Kwa muuzaji sokoni hiyo inatosha kabisa. Kwa mwalimu ni tone la sumu, kwa sababu kosa linapita likiwa limevaa nguo ya usahihi.

Na hapa kosa langu likajitokeza mahali ambapo sikulitazamia. Wanazuoni wale waliogopa mwanafunzi anayenyamaza kwa kutojua au kwa haya. Darasani kwangu mwanafunzi alijua na hakuona haya. Alisema. Aliyemnyamazisha ni mwalimu, na alitumia simu kumnyamazisha. Kama ningemwambia "mimi ndiye mwalimu, keti", angalau angeweza kunichukia mimi. Nilipomwambia simu imekubali, nilimfanya atilie shaka sikio lake mwenyewe, sikio lililokuwa bora kuliko vyote vilivyokuwemo chumbani, pamoja na langu.

Nimejiuliza tabia hiyo niliitoa wapi. Walimu wa Kiarabu wengi wa Afrika Mashariki waliotutangulia walipita Khartoum. Pale palikuwa na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, na palikuwa na taasisi ya kufunza walimu wanaofundisha Kiarabu kwa wasio Waarabu. Mwalimu wangu wa sekondari alisoma huko, na mimi nilipomaliza kidato cha sita mwisho wa 2022 ndoto yangu ilikuwa ni hiyo hiyo. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza Sudan, na wanafunzi wa Uganda waliokuwa Khartoum wakarudishwa nyumbani. Sisi ambao tulikuwa bado hatujaenda tulitafutiwa njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa skrini. Katika likizo moja nilifuata kozi ya mtandaoni ya miezi mitatu ya kufundisha Kiarabu. Tulikuwa zaidi ya walimu mia moja katika kikao kimoja. Tuliambiwa tuzime vipaza sauti ili tusiharibu usikivu, na kwa kweli usingewezekana usikivu wowote kama mia moja tungeviwasha. Tulijifunza mengi: kuandaa somo, kutumia picha, kurekodi, kutengeneza maswali ya kubonyeza. Cheti kilikuja kwa barua pepe. Kina muhuri na msimbo wa kuhakiki. Ila katika miezi hiyo mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyenisikia nikitamka herufi.

Linganisha na ijaza ya kale. Sheikh hakukuandikia ijaza ya usomaji mpaka umemsomea, naye amekusikia. Karatasi yake ilishuhudia jambo moja ambalo cheti changu hakilishuhudii, nalo ni kwamba kuna sikio linalojulikana kwa jina, ambalo limekubali kuwajibika kwa ajili ya kinywa changu. Nilifunzwa na watu wasionisikia, nikaenda kufundisha bila kusikia. Sisemi hivi ili kujivua lawama. Aliyesema "tuendelee" ni mimi.

Lakini nisije nikaeleweka kuwa tatizo ni skrini. Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa. Mimi nilikuwa kidato cha nne, na sisi wa madarasa ya mtihani tulirudishwa Oktoba. Wadogo zangu walikaa nyumbani, kwa kukatizwa hapa na pale, hadi Januari 2022. Katika miezi ile mwalimu wangu, yule wa Khartoum, alitufundisha kwa WhatsApp. Tulikuwa watu tisa. Jioni alituma ukurasa uliopigwa picha. Sisi tulirekodi usomaji wetu, tukautuma, na usiku wa manane, baada ya yeye kumaliza shughuli za duka lake, zilianza kuingia rekodi za majibu, moja kwa kila mtu. Alikuwa akisimamisha rekodi yangu mahali nilipokosea na kusema: "Rudia, binti yangu. Hilo neno umelila." Simu ilikuwa ya baba, kioo kimepasuka, na mtandao wa Bombo ulikuwa ukikatika mvua ikinyesha. Ilikuwa teknolojia duni kupita zote nilizotaja katika insha hii, na ndiyo pekee iliyonikaribisha na ʿayn.

Jambo hili pia wa kale walilijadili, ingawa hawakuwa na umeme. Ibn al-Salah anaeleza kuwa inafaa kumpokea mtu aliye nyuma ya pazia, ikiwa unaijua sauti yake au mtu mwaminifu amekuhakikishia kuwa ni yeye. Bibi Aisha na wengine walipokewa hivyo. Shuʿba bin al-Hajjaj alipinga. Alisema usimpokee ambaye huuoni uso wake, maana huenda ni shetani amejigeuza. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi, mashine zinapoweza kutengeneza sauti ya mtu ambaye hakusema neno, sicheki sana. Hata hivyo nafuata rai ya wengi: pazia si kitu, skrini si kitu. Mwalimu wangu alikuwa nyuma ya pazia na alinisikia. Mimi nilikuwa mita mbili kutoka kwa wanafunzi wangu na sikuwasikia.

Kuna pingamizi ambalo rafiki yangu wa chumba alinitolea, na siwezi kuliruka kwa kuwa linanigusa nyumbani. Aliniambia: unajitesa kwa herufi moja. Kiswahili chenyewe kimechukua ʿilm kikaifanya elimu, kimechukua sabʿa na tisʿa kikahesabu saba na tisa, na hakuna aliyekufa. Na bibi yako je? Bibi yangu ni Mnubi. Kinubi chake kilizaliwa na Kiarabu cha askari waliotoka Sudan wakaja na Emin Pasha, na katika safari ile kiliacha ʿayn, kikaacha ḥ, kikaacha na q. Bibi huhesabu arba, kamsa, sita, saba. Kuna ustadhi mmoja aliyewahi kusema mbele yake kwamba hicho ni Kiarabu kilichovunjika. Bibi alimmiminia chai kwanza, kisha akamwambia kuwa katika hicho kilichovunjika amelea watoto tisa.

Nakubaliana na bibi moja kwa moja. Kinubi si Kiarabu kilichoshindwa, ni lugha iliyofaulu kuwa kitu kingine, na Kiswahili hali kadhalika. Programu itakayompa bibi nyekundu itakuwa imepima mto kwa rula. Lakini wanafunzi wangu hawakuja kujifunza Kinubi. Walikuja kujifunza Kiarabu cha Kurani na cha mtihani, ambacho ndani yake ʿalima na alima ni maneno mawili, na wazazi wao walilipa karo kwa ajili hiyo. Mtu anayekubali kufundisha kipimo fulani hana ruhusa ya kukilegeza kimyakimya kwa sababu kimemshinda yeye. Anaweza kusema wazi kuwa kimemshinda, na hilo ndilo nililokuwa sijalifanya.

Jumatatu ya wiki ya tano niliingia bila kuwasha spika. Nikawaambia: kuna herufi ambayo siwezi kuitamka vizuri. Nimekuwa nikiwachezea sauti ya mtu mwingine ili msijue. Wiki iliyopita mwenzenu aliniambia simu imekosea, naye alikuwa sahihi, na mimi nilijua kuwa yuko sahihi. Nikamgeukia nikamwomba radhi mbele ya wote. Alitazama daftari lake. Darasa lilikuwa kimya kwa muda, kisha mvulana mmoja wa nyuma, si kwa ufidhuli, akauliza: "Sasa ustadha, wewe unatufundisha nini?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nilimwambia naweza kufundisha sarufi, maana, kuandika, na kwamba sikio langu linatofautisha ʿayn na hamza hata kama koo halijaweza. Sikio hilo ndilo nitakalolitumia kuanzia leo. Na pale litakaposhindwa, nitasema limeshindwa.

Kuanzia siku hiyo spika ilirudi mezani, kwa sababu sauti ya yule msomaji ni nzuri na wanafunzi wanaihitaji. Programu nayo ilibaki, lakini kijani yake tuliita "imekuelewa", tukaacha kuiita "sahihi". Mwanafunzi akishamaliza, darasa lilisikiliza na kusema lilichosikia, na tukibishana tulimgeukia msichana yule. Alikuwa mkali. Siku ya Alhamisi nilijaribu mimi mwenyewe, mbele ya wote 54, na alinitazama kwa huruma akasema: "Bado, ustadha." Walicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia.

Sina hakika kama nililofanya baada ya hapo lilikuwa la haki kwake. Kwa wiki nzima mtoto wa miaka 13 alifanya sehemu ya kazi yangu, na alipokuwa akiwasikiliza wenzake yeye mwenyewe hakuwa akijifunza jambo jipya. Siku moja aliniuliza taratibu kama leo anaweza kukaa tu. Nilimwambia ndiyo, na siku hiyo tulibishana kuhusu neno moja bila kupata mwamuzi, nikaliandika pembeni mwa ubao na alama ya kuuliza.

Mwisho wa mazoezi tulijaza fomu ya ripoti. Kuna kisanduku kilichoandikwa "Zana zilizotumika". Nikaandika: simu, spika, na mwanafunzi mmoja anayesikia. Fomu iliporudi, msimamizi alikuwa amezungushia maneno ya mwisho kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Mwanafunzi si zana." Nadhani yuko sahihi, na hadi leo sijapata maneno mengine ya kuweka pale.